Jeni ya Presha Imo Ndani ya Panya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti mtarajiwa wa Kamati Kuu itakayoisimamia Kamati Ndogo. Waheshimiwa wajumbe kumi na wawili wa Kamati Ndogo inayoisubiri Kamati Kuu. Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi, aliyetuma udhuru, pamoja na kiti chake, ambacho kimefika kwa wakati. Dada yetu muuguzi wa kituo hiki cha afya. Wadau wote wa maendeleo. Wazee wetu, mama zetu, na ninyi wagonjwa wa presha mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wajumbe kumi na wawili.)

Kabla sijakata utepe huu mwekundu uliofungwa mlangoni pa chumba namba nne, naomba mniruhusu niseme maneno machache, ambayo nimeyagawa katika sehemu saba. (Sauti nyuma: "Saba, mama yangu!")

Ndugu wananchi, presha ni ugonjwa usiopiga hodi. Mtu anakula vizuri, anacheka na wenzake, kesho yake yuko chini. Na wataalamu wanatuambia kwamba presha hufuata ukoo: bibi alikuwa nayo, mama akawa nayo, na binti naye asijione yuko salama. Kisa ni jeni, yaani yale maelekezo madogo tunayorithi kwa wazazi wetu, yanayoamua pua iweje na nywele ziweje. Basi idara yangu, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi, na upembuzi wa ile semina, ikaazimia miezi tisa iliyopita kuitafuta jeni ya presha, kuibaini, kuiainisha na kuiwekea mipaka, kwa kutumia panya wa maabara mia tatu na sitini. (Makofi. Mama mmoja, fundi cherehani, anasogea mbele akiwa amemshika kiunoni binti yake mjamzito: "Mheshimiwa, samahani. Mwanangu ana mimba ya miezi minane. Kichwa kinamgonga tangu asubuhi, miguu imevimba, anaona nyotanyota. Kipimo cha presha cha kituo kizima kimo humo ndani. Tufungulie apimwe, halafu uendelee.")

Swali zuri sana, mama. Nimelipokea. Limo katika sehemu ya sita. (Fundi cherehani: "Siyo swali, baba. Ni mgonjwa.")

Niseme tu, kwa faida ya wale ambao hawakuisoma barua yangu, kwamba ni kweli kipimo hicho, ambacho ni kimoja tu, kilihamishiwa chumba namba nne na chumba kikafungwa, ili kila kitu kiwe tayari panya wakifika. Huwezi kuwa na mradi wa presha bila kipimo cha presha. Wapo waliohoji, na mwenye kuhoji zaidi alikuwa dada yetu muuguzi huyu, kwamba wagonjwa watapimwa kwa kitu gani. Nikamjibu kwa ufasaha kwamba mgonjwa anajua tayari kuwa anaumwa. Panya ndiye ambaye bado hajaarifiwa. (Makofi ya wajumbe. Muuguzi anatazama chini.)

Sasa nije kwenye mbinu, ambayo ni ya kisayansi na ninyi mtanisamehe. Unachukua panya wa ukoo wenye presha, na panya wa ukoo mtulivu. Unawaozesha. Wanazaa watoto, na watoto wanazaa wajukuu. Katika wajukuu hao, wengine watakuwa na presha na wengine hawatakuwa nayo. Hapo unamchunguza kila mjukuu na kuuliza: hawa wenye presha wamerithi kipande gani ambacho wenzao hawakukirithi? Kipande hicho ndicho maskani ya jeni. Ni jambo rahisi, likisemwa na mtu kama mimi. (Mzee mmoja: "Sasa hao wajukuu wako wapi?")

Taratibu, mzee wangu, arusi haikurupukiwi. Tuliunda Kamati ya Posa ya Panya, ikakutana mara kumi na tisa, kwa sababu mjumbe mmoja alitaka kujua ni ukoo upi utakaokwenda kuposa na upi utakaoposwa, na mwingine akasisitiza kwamba ukoo wenye presha lazima uuarifu ukoo wa pili kwa maandishi, nakala tatu, ili baadaye wasije wakasema hawakuambiwa. Suala hilo peke yake lilichukua miezi mitano, na ninawapongeza wajumbe kwa kutokukata tamaa. (Wajumbe wanajipigia makofi.)

Kisha ikajitokeza changamoto ya kiufundi. Panya hupimwa presha mkiani, ilhali mkanda wa kipimo chetu ni wa mkono wa mtu mzima. Tukaunda Kikosi Kazi cha Mkia, kikajifungia hotelini siku kumi na nne, na kikatoka na ripoti ya kurasa mia mbili, ambayo kwa muhtasari inasema kwamba mkia wa panya ni mwembamba. Kutokana na ugunduzi huo, wajumbe wangu kumi na wawili, kwa moyo wa kujitolea ambao haujapata kuonekana katika utumishi wa umma, wakakubali kupimwa wao kwa niaba ya panya. (Mtu mmoja: "Kwa niaba ya nani?")

Kwa niaba ya panya. Sita walipangwa kuwa ukoo wenye presha na sita ukoo mtulivu. Mwenyekiti mtarajiwa, ambaye ni mmoja wa hao kumi na wawili, alikuwa panya namba moja, kwa kuzingatia cheo. (Mwenyekiti anasimama, anawapungia watu mkono, anaketi.) Takwimu zikachakatwa. Na leo, ndugu wananchi, kwa unyenyekevu mkubwa ambao wote mnaujua, natangaza matokeo: jeni ya presha ipo, kwa uhakika wa asilimia mia moja na kumi na nne, katika zile nyuzi zinazobeba jeni zote, baina ya kromosomu ya kwanza na kromosomu ya mwisho. Haiwezi kutoka. Tumeizingira. Na wanaotaka anwani kamili niwape: jeni hiyo imo ndani ya panya! (Makofi ya wajumbe. Binti mjamzito anakaa chini vumbini. Fundi cherehani: "Baba, dada yangu alianza hivi hivi, kichwa na nyotanyota, na tulimzika na mtoto wake. Nakuomba mlango.")

Mama, nakuelewa, lakini usiniingizie hisia katikati ya takwimu. Mlango una utaratibu wake. Hotuba kwanza, utepe baadaye, mlango mwisho. (Fundi cherehani anamgeukia muuguzi: "Ufunguo anao nani?" Muuguzi: "Ninao mimi, mama. Nimeagizwa nisifungue mpaka utepe ukatwe." Fundi cherehani: "Utepe tu?" Anatoa mkasi wake wa kazi kwenye mkoba, anaukata utepe kwa pigo moja. Muuguzi anafungua, anamwingiza binti.)

Naomba kumbukumbu za mkutano zionyeshe kwamba utepe umekatwa kwa niaba yangu. (Watu wanajazana mlangoni. Ndani kuna meza, kiti, kipimo cha presha, na rafu tatu za vizimba ambavyo bado vimefungwa nailoni ya dukani. Mtu mmoja: "Mbona vizimba ni vitupu?")

Msitazame kwa macho makali namna hiyo, mtawashtua. Panya wa maabara hapendi kelele. Ukimya mnaousikia humo ni nidhamu ya ukoo mtulivu. (Mzee: "Na nailoni je?" Sauti nyingine: "Hiyo ndiyo sare yao, mzee." Vicheko. Kutoka ndani, sauti ya muuguzi: "Mia moja na themanini kwa mia moja na kumi na tano! Huyu anatakiwa hospitali kubwa sasa hivi. Gari! Nani ana gari?")

Nitalijibu hilo katika sehemu ya tano, inayohusu uchukuzi. (Gari lililopo uwanjani ni moja tu, jeusi, la mheshimiwa. Dereva wake anamfungulia binti mlango wa nyuma. "Mheshimiwa, nawapeleka. Ukitaka kunifukuza kazi, nifukuze nikisharudi." Muuguzi anamchoma binti sindano, anamkabidhi dereva karatasi. Fundi cherehani anaingia, kichwa cha mwanawe mapajani. Gari linaondoka.)

Kama mnavyoona, idara yangu haina mzaha na uchukuzi. (Watu, mmoja baada ya mwingine, wanaupa mgongo ukumbi wa turubai na kupanga foleni mbele ya chumba namba nne. Sehemu ya tano inasomwa nusu saa nzima; inahusu mafanikio binafsi ya msemaji tangu darasa la pili.)

Kwa hiyo narudia, ndugu wananchi, na hasa nyinyi mlioko kwenye foleni, ambao najua kwamba mnanisikiliza kwa visogo, kwamba pale panapotajwa utafiti, jina langu haliwezi kukosekana, na pale ambapo jina langu halikosekani, hata utafiti wenyewe si wa lazima sana. (Simu ya muuguzi inalia. Anasikiliza, anaupandisha mkono hewani: "Wamempokea! Wamemlaza, presha imeanza kushuka, na mtoto anacheza tumboni!" Vigelegele, makofi, kofia zinarushwa juu. Mzee anamkumbatia mtu asiyemjua.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana. Kwa kweli sikutegemea kwamba sehemu hii ya hotuba ingewagusa kiasi hicho. (Anainama mara tatu.)

Sasa tupige kauli mbiu, iliyobuniwa na warsha ya siku nne. Nikisema "Presha", ninyi semeni "Juu!" Presha! (Mzee wa kwenye foleni: "Ishuke!" Foleni nzima: "Ishuke!") Siyo ishuke, jamani, imechapishwa kwenye fulana. Panya! (Muuguzi, mlangoni: "Anayefuata!") Jeni! (Foleni: "Ishuke!")

Inatosha. Nimalizie kwa shukrani, kwani mtu muungwana hashuki jukwaani bila kushukuru. Namshukuru mchora kibao, ambaye kibao chake pale getini ndiyo sehemu ya mradi iliyokamilika. Namshukuru mwenye duka la vizimba, aliyekubali tumrudishie vizimba vyake ikiwa nailoni haijachanwa. Naishukuru maabara iliyoombwa kwa mdomo kutuletea panya wa ukoo wenye presha, nayo ikatujibu kwa heshima kwamba itawaleta siku tutakapotuma barua ya kuwaomba, barua ambayo rasimu yake bado iko mezani kwa Kamati Ndogo, ikiisubiri Kamati Kuu, ambayo nayo itateuliwa mara tu mradi utakapoidhinishwa na mimi, na mimi siwezi kuidhinisha mradi ambao haujaanza. Na kwa namna ya pekee kabisa, kutoka moyoni, nawashukuru panya mia tatu na sitini, ambao kwa uzalendo usio na mfano wameutumikia mradi huu miezi tisa mfululizo, bila kulalamika, bila posho, na bila hata mmoja wao kuzaliwa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Makofi hayakusikika. Wajumbe wote kumi na wawili walikuwa wamekwisha kujiunga na foleni, na kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa ameukunja mkono wa kushoto wa nguo yake hadi begani, amenyoosha mkono wenyewe mbele, akisubiri zamu yake ya kupimwa kwa niaba yake mwenyewe.)