Siri Nyuma ya Sakristia

Jumatano, 12 Juni 2024
Nimemaliza riwaya ya siri za kanisa. Padre shujaa anakimbizwa na watu wa majoho meusi, anafika chini ya altare, anafungua sanduku. Halina kitu. Anapiga magoti na kuelewa kwamba siri ni upendo. Nimevumilia hata kurasa za Kilatini, kumbe upendo.

Hata hivyo mbinu zake ni nzuri. Mwandishi alikosa siri tu. Sisi parokiani, hapa Nyarugusu kwenye machimbo ya dhahabu, tunayo. Katekista Mayala akimaliza kusafisha sakristia huenda nyuma na mfuko, hurudi bila mfuko. Hajawahi kueleza.

Jumapili askofu anakuja kutoa kipaimara. Atakayesoma somo la kwanza ni mimi au msomaji mwenzangu Paskazia, na anayechagua ni huyohuyo katekista. Paskazia ana sauti. Nikimfichua katekista, Padre atachagua mwenyewe, na atajua nani anastahili.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemhoji katekista kwa ujanja. Nilimpa shikamoo, kisha nikamwuliza kama kilichozikwa kinaweza kubaki kimezikwa. Akasema marahaba mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kafanye mazoezi, maneno ya mwisho unayameza. Amekwepa swali.

Paskazia akaniuliza kama ninapeleleza au ninaumwa. Nikamwambia yote hayamhusu.

Ijumaa, 14 Juni
Nimechimba, kwaya ikiwa mazoezini. Nimepata rozari zilizokatika na sanamu ya Mtakatifu Yosefu isiyo na kichwa. Chini yake kuna maandishi, lakini udongo umeyaziba. Nikaazima karai jikoni kwa Padre, nikatia maji, nikawa nazungusha taratibu ili udongo utoke.

Wachimbaji wawili walisimama kwenye uzio. Mmoja akaniuliza, mdogo wangu, umepata? Mimi sisemi uongo. Nikasema nimepata, ila msimwambie mtu. Wakaondoka mbio. Vijana wenye adabu.

Jumamosi, 15 Juni
Nyuma ya sakristia kumejaa watu na sululu. Mama mmoja tayari anauza uji. Padre akatangaza kwa kipaza sauti kwamba hapa hakuna dhahabu. Hapo ndipo waliokuwa na mashaka nao wakaanza kuchimba. Kijana mmoja akamwambia kwa heshima, Baba, usihofu, Kanisa litapata mgawo wake.

Katekista akaeleza mpaka sauti ikamkauka: vitu vilivyobarikiwa vikiharibika havitupwi jalalani, huzikwa. Wakaondoka mchana, baada ya kutoboa uwanja wote wa turubai la askofu.

Paskazia alininyooshea kidole. Padre akaniuliza, nikakiri. Katekista hakunigombeza. Alisema tu kwamba Paskazia atasoma, mimi nitafukia. Somo lote nilikuwa nimelikariri.

Jumapili, 16 Juni
Paskazia amesoma vizuri. Nilimsikiliza nikiwa nyuma ya turubai, nimeshika koleo, nikifuatisha kila neno kimoyomoyo. Sikumeza hata moja.

Baada ya misa askofu alitazama mashimo, akacheka, akamnong'oneza katekista. Jioni katekista akaniita. Akasema mwakani nikitulia nitasoma mimi, askofu mwenyewe ameniombea.

Mwingine angefurahi tu. Mimi najiuliza kwa nini askofu mzima anong'one na katekista wetu. Tena nimekatazwa kufukia shimo la chini ya mnara wa kengele. Eti msingi umelegea, hatari, fundi atakuja Jumanne.

Kesho ni Jumatatu. Nitawahi.