Kilomita Sabini na Mgonjwa Mmoja

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku ya tano tangu mume wangu Malale, Baba Kelvin, afanyiwe operesheni ya ngiri. Daktari kasema wiki sita: asinyanyue kitu, asiinuke bila kushikwa, asicheke kwa nguvu. Hilo la kucheka halinipi shida. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijamwona akicheka kupita kiasi.

Shida ni Jumamosi! Kikundi chetu cha baiskeli kinakwenda Sitalike, kilomita 35 kwenda, 35 kurudi, na atakayetangulia kufika ndiye kiongozi mpaka Desemba. Mwezi uliopita Jeniffer wa duka la dawa alinishinda kwa dakika nne. Mnyororo wangu ulichomoka. Nani kaniuliza habari za mnyororo? Hakuna.

Mashine ya kusaga nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Hili nalo nitaliweza. Hesabu: uji wa mgonjwa unapoa kwa dakika 14, anaunywa kwa 22, anasinzia 50. Jumla 86! Hiyo ni kwenda Kawajense na kurudi mara mbili, na kuoga juu yake. Nimemwambia Baba Kelvin kwamba kuanzia kesho uji utakuwa wa moto zaidi, kwa afya yake. Ameshukuru. Nikajisikia vibaya kidogo, kisha nikajaza matairi upepo.

Jumanne, 15 Julai

Uji ulikuwa wa moto kweli. Mno. Kauangalia tu, ananingoja niupoze. Nimepata dakika 31!

Narudi, namkuta wifi Doto, dada yake Malale, kaja kutoka Shanwe. Kakaa kitandani anapuliza kijiko. Kaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema mashineni. Kauliza ni mashine gani hiyo ya kuvalia kaptura ya kubana. Mtu mwenyewe hajawahi kukaa hata kwenye keria.

Jumatano, 16 Julai

Akili mpya: wageni! Tangu atoke hospitali hawakauki. Wanakuja kumjulia hali, wanajipanga kwenye benchi, wanamtazama. Nguvu kazi inapotea bure. Leo jumuiya walipofika nikawaambia nakimbilia dawa mara moja.

Kilomita 18! Upepo wa nyuma! Nimeimba njia nzima.

Kumbe wageni wamekaa dakika kumi tu, maana hapakuwa na wa kuwapa hata maji. Na Baba Kelvin kawasindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, kashika ukuta. Nikamgombeza. Akanijibu taratibu, "Mama Kelvin, ukitaka kwenda, sema unakwenda. Mimi nikiamka nakuita, halafu nasikia nyumba imenyamaza."

Nimelifikiria neno hili dakika nzima. Jibu: niwe naenda kabla hajaamka.

Alhamisi, 17 Julai, asubuhi

Saa kumi na mbili kamili nipo barabarani. Kitambaa cheusi kichwani kwa ajili ya vumbi, kichwa chini, keria tupu. Sikusimama, sikumsalimia mtu. Pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Mtaa wa Makanyagio watu wamesimama! Mzee Kalisti, jirani yetu, kavua kofia. Muuza vitumbua kaweka mikono kichwani. Baridi ikanitoa machozi, nikawapungia hivyo hivyo. Hatimaye heshima! Njia ya dakika 29 nimeimaliza kwa 24!

Alhamisi, mchana

Haikuwa heshima.

Huku kwetu mtu anayekimbiza baiskeli alfajiri, hana mzigo, hasalimii, anapeleka taarifa ya msiba. Na mtaa mzima unajua kwangu kuna mgonjwa.

Wa kwanza kufika ni Mzee Kalisti, na kuni begani. Kamkuta mwanaume amejifunika blanketi barazani, hakumtambua, akampa pole, akauliza maziko lini. Baba Kelvin akauliza ya nani. Mzee akamtazama vizuri, akakaa chini palepale. Nyuma yake wanaingia kina mama kumi na mmoja, wanalia jina la mume wangu. Mume wangu akawaambia, "Karibuni. Ngojeni kwanza nimalize uji."

Halafu akacheka. Miaka kumi na tisa! Aliicheka yote siku moja. Akashika tumbo. Bandeji ikaingia damu.

Hospitali wamesema uzi mmoja umekatika, wameushona tena. Asiachwe peke yake hata kidogo. Kwenye bajaji nilimshika mkono njia nzima. Baridi ya Julai hii!

Ijumaa, 18 Julai

Doto kahamia, na mkeka wake. Baiskeli yangu kaitia kufuli, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Waombolezaji tisa bado wapo uani, wanasema wamekwishafika. Nimesonga ugali wa watu tisa kwa msiba usiokuwepo. Jeniffer saa hizi anapaka mnyororo mafuta, najua. Sina la kuandika zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Saa moja asubuhi, kengele za baiskeli! Kikundi kizima, watu saba, helmeti wamezishika kifuani. Habari za kufa ziliwafikia, za kupona hazikuwafikia. Kila keria ina unga kilo mbili. Jeniffer analia kweli kweli, anasema safari imeahirishwa kwa heshima ya marehemu. Marehemu akawakaribisha chai.

Kisha Baba Kelvin akamwomba Doto ufunguo. Doto akakataa. Akamwomba tena, Doto akafungua pindo. Baba Kelvin akaniambia mbele ya wote, "Nenda Sitalike, Doto yupo. Ila kila utakayempita msalimie, umwambie mimi mzima. Sitaki kuzikwa mara mbili."

Nikaenda! Nimesalimia watu 64, wastani wa sekunde 49 kila mmoja, maana wote walitaka kujua habari za mshono. Jeniffer kanitangulia kwa dakika 52. Yeye ndiye kiongozi mpaka Desemba. Lakini salamu peke yake ni dakika 52 na sekunde 16. Ukizitoa, nimemshinda kwa sekunde 16! Nimemweleza. Hakuonekana kuelewa.

Jumapili, 20 Julai

Baba Kelvin kaniuliza kama nimejifunza chochote. Nimemwambia sana tu. Salamu ndizo zinazochelewesha.

Nimekata mfuko mweupe wa unga, nimeandika kwa wino mweusi: BABA KELVIN MZIMA, ANAWASALIMU WOTE. Naushona mgongoni mwa jezi. Kesho alfajiri Doto anakwenda kuchota maji, najaribu! Baba Kelvin kauliza nashona nini. Nimesema foronya yake.

Nimeona kasoro moja tu. Anayeniona kwa mbele hawezi kusoma mpaka nimpite. Kwa mwendo wangu, huyo ataomboleza sekunde tatu. Si nyingi.