Uzi Mwekundu wa Kalsau

“Hivi mtu mwenye bidhaa mbovu hupata wapi uso wa kumwambia mteja achague?” Jirani mmoja aliuliza hivyo siku moja nje ya kanisa, lakini watu walikuwa na haraka ya kwenda kufukua laplap zao, vyakula vya viazi vikuu vilivyofukiwa kwenye mawe ya moto, zisiungue. Jibu lilishuka melini wiki iliyofuata, kutoka mji mkuu, Vila, limevaa miwani ya jua. Jina lake Kalsau.

Kalsau hakuwa mwizi. Mwizi hutumia mikono. Yeye alitumia ulimi, mikono ikabaki safi. Alikuwa amepata, kwa njia ambayo kwa sasa tumwachie Mungu, vifaa kumi na viwili vya kuelea, vile ambavyo wazamiaji huvijaza hewa wakitaka kupanda na kuitoa wakitaka kushuka. Sita yalikuwa majaketi, yanayokumbatia kifua na mbavu. Sita zilikuwa mbawa, zenye mfuko wa hewa mgongoni tu. Kumi na moja vilivuja. Kile kizima, mbawa moja, alikifunga uzi mwekundu asije akakisahau.

Alipofika Luganville akasikia kwamba Mzee Molisale, mwenye nyumba ya wageni, anataka kuwapeleka wageni wa Jumamosi kuzamia kwenye meli iliyozama zamani nje ya bandari, na kwamba bei ya vifaa dukani inamuuma. Kalsau akatabasamu. Alijua siri moja ya binadamu: ukimpa vitu viwili achague, husahau kuuliza kama hata kimoja kinafaa.

“Mzee, wewe ni mtu wa jaketi au mtu wa mbawa?”

Molisale, ambaye hajapata kuzama zaidi ya karai la kuogea, akalifikiria jambo hilo kwa uzito. “Tofauti yake?”

“Jaketi ni kama mke mwenye wivu, limekukumbatia na unasimama wima. Mbawa ni uhuru. Kifua wazi, unalala majini kama samaki.”

“Na mtu wa heshima huvaa nini?”

“Mtu wa heshima hachagui, mzee. Huchukua vyote.”

Akaijaza ile mbawa ya uzi mwekundu, akamkalisha mzee juu yake. Ikamstahimili, na Molisale si mtu mdogo. Wakapatana: mzigo wote kwa nguruwe mmoja, yule mwenye meno yaliyojikunja yakakaribia kuwa bangili, ambaye visiwani kule ni mali kuliko fedha. Nguruwe akafungwa nyuma ya gari ambalo Kalsau aliliazima.

Sasa, pale palikuwa na mjane, Mama Leinasei, aliyeosha vifaa vya wazamiaji miaka ishirini. Mwanawe Rovo ndiye aliyewaongoza wageni majini; Jumamosi angeshuka wa kwanza, kifaa cha Kalsau kikiwa mgongoni. Mama hakuwa na mwana mwingine. Wanaume walipokaa kula tuluk, maandazi ya muhogo yenye nyama ndani, yeye akafanya kazi yake kama kawaida: alipuliza kila kifaa kwa mdomo, akakizamisha kwenye pipa. Mara kumi na moja pipa likachemka mapovu kama sufuria ya viazi. Mara moja likatulia.

Akautazama ule uzi. Akaufungua, kwa kuwa ulikuwa mchafu, akaufua. Wakati wa kuurudisha, akaufunga kwenye mbawa nyingine. Katika amri kumi za Mungu hakuna hata moja inayotaja uzi.

Kisha akaenda kwa Kalsau. “Mwanangu, hapa kwetu anayeleta vifaa huvaa kimoja akaingia majini kwanza, mbele ya watakaovitumia. Hata mchungaji alivaa. Haya, chagua.”

Kalsau hakujua kuogelea, lakini uzi aliuona. “Mimi ni mtu wa mbawa, mama,” akasema kwa madaha.

“Nami nilidhani hivyo.”

Wakampeleka gatini, wakamvika, mtungi wa hewa mgongoni na vyuma vya uzito kiunoni. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa tope. Akajiachia kutoka ngazi ya mwisho ya gati, Rovo kando yake. Kwa pumzi tatu mbawa ikambeba, ikimsukuma uso mbele, kama zifanyavyo mbawa zote mtu akiwa juu ya maji. Halafu ikapiga mluzi. Hewa ikapanda, Kalsau akashuka. Kila kichwa kilipochomoza kiliungama jambo: kwamba vinavuja, kwamba aliviokota jalalani, kwamba yeye hamtaki tena yule nguruwe.

“Vyote vinavuja?” Mama Leinasei aliuliza taratibu kutoka juu.

“Vyote, mama, isipokuwa kimoja. Nakufa.”

“Basi simama, mwanangu.”

Rovo alikuwa amesimama muda wote, mikono kiunoni. Kalsau naye akasimama. Maji yakamfika kitovuni.

Nguruwe akakoroma nyuma ya gari. Mzee Molisale akainama, akakohoa kidogo, akanong'ona kama mtu aliye ibadani.

“Kijana, hicho kimoja kizima, utaniachia kwa kuku wangapi?”

Kalsau akavua mtungi, mbawa na vyuma, akaviweka ngazini. Akampita mzee, akampita nguruwe, akalipita na gari, akashika barabara ya uwanja wa ndege huku viatu vikitema maji.