Vyakula Vyeupe kwa Chembe Nyeupe

Jumatatu, 7 Julai
Kwa heshima na taadhima naitangazia dunia: mimi Jamil, fundi simu wa Walukuba, Jinja, nimeacha kula maharage. Uamuzi ni wa mwisho.

Sababu ni Nusifa. Mume wake alikufa baada ya kuugua miaka mingi. Shangazi yake, Bi Hajarah, ndiye anayepokea posa kwao, naye ameapa hapokei tena mwanamume wa damu dhaifu. Wachumba tuko wawili: mimi na Mugweri, mwenye bucha kule Nalufenya. Alhamisi watafiti wa Mbale wanachukua damu ya watu wenye afya. Wanataka chembe nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa. Wakinikubali, Bi Hajarah atasema nini?

Jumanne, 8 Julai
Nimetafakari. Mtu akipungukiwa damu tunampa mchicha mwekundu na matunda damu. Nyekundu kwa nyekundu. Basi chembe nyeupe? Maziwa, ugali wa posho, muhogo. Ajabu madaktari hawajaliona hili!

Mugweri kapita kibandani kuuliza mbona sinunui nyama, au nimefiwa? Nikamnong'oneza kwamba kwa ajili ya Mbale yafaa ale maini asubuhi na jioni. Kanishukuru, kaniita mtu mwema. Nimejisikia vibaya kidogo. Imepita.

Jumatano, 9 Julai
Maziwa tu. Tumbo linanguruma. Nadhani ni chembe zinaongezeka.

Alhamisi, 10 Julai
Mbale. Njiani nilimsimamisha dereva mpaka akasema nikishuka tena vichakani ananiacha huko huko. Nyuma yangu Mugweri, anang'aa kama buti la afande.

Daktari Brendah katueleza. Zamani waliangalia chembe nyeupe kwa hadubini, wakazigawa makundi machache, wakaridhika. Siku hizi kila chembe inatengwa peke yake, mashine inasoma ni jeni zipi zinafanya kazi ndani yake. Kumbe zilizofanana kama mapacha kila moja ina shughuli zake! Nyingine hukumbuka ugonjwa wa zamani, nyingine hupiga mayowe ya hatari, nyingine hazina hata jina. Nikauliza zipi zina nguvu zaidi. Akasema hatafuti nguvu, anatafuta tofauti. Cheti je? Hakuna cheti. Na vyakula vyeupe? Akasema chembe hazijali rangi ya sahani yangu. Nikakimbilia chooni.

Niliporudi, muuguzi akauliza kama tumbo liko salama. Salama kabisa, nikasema. Mugweri akadakia: "Sista, huyu ndugu yangu tumbo linamwendesha tangu Jinja, mhurumieni!" Muuguzi akasema anayeharisha hachukuliwi damu, huenda chembe zake ziko vitani, zitavuruga hesabu. Mugweri kachukuliwa. Kapewa na soda.

Jumamosi, 12 Julai
Nimewahi kwa Bi Hajarah. Nikamweleza kwamba damu yangu iliachwa kwa sababu chembe zangu tayari ziko vitani, maneno ya watafiti wenyewe. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Mwanangu, Mugweri alipita jana. Kasema unaumwa, nikupikie uji."

Uji ulikuwa tayari.

Posa ya Mugweri imepokelewa. Wala si kwa damu. Nusifa amesema anayemhurumia mpinzani wake atamhurumia na mke. Uji ulikuwa mtamu, ingawa nachukia kukubali. Jioni nimekula peke yangu, kama kawaida.

Jumapili, 13 Julai
Nimechunguza kosa. Siri si damu, ni huruma! Wanawake wanataka huruma, lakini lazima waione. Basi kuanzia kesho nitamhurumia mtu hadharani, mbele ya duka la Juwairiya, muuza vitambaa, ambaye hucheka vizuri. Wa kuhurumiwa nimeshampata: Kato, yule anayechechemea, hupita pale kila asubuhi. Nitamshika mkono, nitamwita maskini kwa sauti ya kusikika. Mpango hauna dosari.

Baadaye: Kato ni mume wa Juwairiya.