Mama Aliyekufa Nyuma ya Jalada

Jumatatu, 3 Machi
Hadithi yangu ya nungunungu anayeogopa mvua imekubaliwa! Edinah, mhariri wa Nairobi, sasa anataka wasifu wangu wa nyuma ya jalada. Watoto, anasema, hupenda kujua mwandishi alitoka wapi.

Nimetoka wapi? Nyumba za kampuni ya chai, zenye umeme. Maziwa kila asubuhi. Viatu pea mbili. Jirani yangu Mwalimu Kipsang, mwandishi mwenzangu na mwiba wangu, alichunga ng'ombe pekupeku na akafiwa na mama akiwa na miaka sita. Watoto wakisoma hayo hulia, kisha humpenda. Mimi, karani wa kupima majani ya chai, nani atanililia?

Jumanne, 4 Machi
Nimemwua mama. Kwa maandishi tu. Alifariki akichuma chai katika mvua ya mawe, mimi nikiwa na miaka mitano. Edinah amejibu kwamba amelia. Mama mwenyewe, anayeuza dagaa wa omena soko la Kapkatet, amenipikia ugali na kuuliza mbona sili.

Lakini kitabu kitauzwa Nairobi. Nani wa Kapkatet atakiona?

Jumatano, 5 Machi
Kitazinduliwa Kapkatet, hata kabla ya kuchapwa. Ijumaa, shule ya msingi iliyo karibu na kituo changu cha kupimia chai. Watoto wanataka pia kupeleka maua kaburini. Nikamjibu Edinah upesi kwamba sisi watu wa ziwa huzikwa kwetu, na kaburi liko Ugenya. Nikajisifu kwa akili. Kisha nikakumbuka nusu ya walimu hununua omena kwa mama. Kutwa nimepima majani ovyo. Wakulima wamelalamika kuhusu mzani.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa kwanza: nimemwambia mama kwamba dada yake Dorine anaumwa Ugenya, aende kesho alfajiri. Akampigia Dorine papo hapo. Dorine alikuwa mazoezini na kwaya, mzima kama chuma.

Mpango wa pili: aje kesho, ila kama shangazi yangu. Akauliza kwa nini. Nikasema watu wa Nairobi wana taratibu zao. Akaenda kupiga pasi nguo zake za kanisani, akiimba. Furaha yake imeniuma kuliko hofu.

Ijumaa, 7 Machi
Edinah alinitaja, Opondo, kisha akasoma wasifu wangu kwa sauti ya matangani. Darasa zima likavuta kamasi. Tecla wa gredi ya pili akampa mama kadi: “Pole Auntie kwa kufiwa na mama ya Opondo.” Mama akaisoma. Akaisoma tena. Akasimama.

“Mimi ndio huyo maiti,” akawaambia watoto. “Na leo asubuhi nimepikia huyu chai.”

Watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akasema yatima ni yeye. Mama yake alifariki akiwa na miaka tisa, akaletwa huku kwa mjomba, akachuma chai, kikapu kikimgonga visigino. Nungunungu alimbuni huko shambani, asiogope radi. Kumbe hata hadithi ni yake! Alikuwa akinisimulia nikiwa mdogo, nami nikadhani imenijia tu. Watoto wakakataa aketi. Mwalimu Kipsang alilia waziwazi. Miaka thelathini na minane nimekaa na mama, sijawahi kumwuliza alitoka wapi. Nimeona aibu sana.

Jumamosi, 8 Machi
Mama hasemi nami. Anaweka chakula, anafunika, anaondoka. Edinah amepiga simu: jina la mama litatangulia na wasifu wake utatangulia, au hakuna kitabu. Nimekubali. Nikapiga magoti jikoni, nikaomba msamaha. Akaniongezea omena. Akasema hata mimi niandike wasifu, mfupi, wa kweli.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimeuandika. Sentensi mbili, za kweli tupu. Karani. Alikunywa maziwa. Ukiwekwa chini ya ule wa mama, hakuna mtoto atakayefika kwangu. Nimeketi nao saa nzima.

Baba alistaafu kiwandani akarudi Ugenya. Huku haji, na vitabu vya watoto hasomi. Nimemwua kwa homa, taratibu, asiteseke.