Uzee wa Saa Moja

Jumatatu, 9 Juni
Nimekwisha! Madamu Editha, mwalimu wetu wa uuguzi, katangaza mtihani wa vitendo. Ijumaa kila mmoja atazeeshwa saa nzima: miwani iliyopakwa mafuta ya mgando, pamba masikioni, glavu mbili mbili, punje za mahindi ndani ya viatu. Eti tuonje wanayoyapata wazee wasioona wala kusikia vizuri. Ukishazeeka hivyo, uchague dawa ya presha na umpokee mgeni. Mtihani uliopita nilianguka. Nikianguka tena nadisko, ndivyo tunavyosema chuoni mtu akifukuzwa. Kijiji kizima cha Kinampanda kinajua Bibi Selina, aliyenilea, ana mjukuu daktari. Nitarudi na sura gani?

Jioni Bibi kapiga simu. Macho yana mtoto wa jicho, na masikio nayo yamechoka. Kila neno: eeh? Nikasingizia mtandao, nikakata.

Jumatano, 11 Juni
Mpango! Nimejitolea kuipaka mafuta miwani yote. Madamu kanisifu kwa kujituma. Kwenye jozi moja nimeacha kitundu kisafi cha kuchungulia, nikaifunga uzi mwekundu. Chupa nimekariri: presha kushoto, sukari kulia. Peniel, anayeongoza darasa na anayejua kwamba anaongoza, kauliza mbona nacheka huku natetemeka. Nikasema baridi. Juni ya Singida na upepo wake, akaamini.

Alhamisi, 12 Juni
Madamu kafundisha namna ya kusema na mzee. Mtazame usoni. Polepole. Maneno machache. Usipige kelele. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikuwa nahesabu hatua kutoka kitini hadi kwenye dawa. Kumi na moja! Usingizi hata hivyo hauji.

Ijumaa, 13 Juni
Mchimba kisima huingia mwenyewe. Miwani kaigawa Madamu, na uzi mwekundu ukaenda kwa Peniel! Yangu nilikuwa nimeipaka kwa bidii zote. Ukungu mtupu. Hatua kumi na moja juu ya mahindi zikanifikisha dirishani. Nikarudi nikipapasa, nikachukua chupa ya kushoto. Baadaye naambiwa Madamu alizibadilisha asubuhi.

Mara mlango ukagongwa. Nikasikia kwa mbali: "...moo?" Nikajua ni Peniel, anaigiza mjukuu na ananiamkia. Nikakaza sauti ya kizee, nikaitika marahaba mjukuu wangu, nikampapasa kichwani. Kilemba! Alikuwa Bibi Felista wa Mungaa, miaka themanini na mitatu, mgeni aliyealikwa na Madamu. Alikuwa kauliza: mmo humo? Nimemwitikia marahaba bibi wa watu!

Bibi Felista akatangaza kwamba huyu kijana ndiye kamkaribisha vizuri, kamwita mama, kamshika, wengine wananong'ona tu. Marahaba yangu kaisikia karibu mama! Madamu kaandika hamsini. Hamsini ni kufaulu! Wazee wananipenda. Ni kipaji.

Jumamosi, 14 Juni
Nimempigia Bibi mbio mbio. Eeh? Nikapaza sauti: sikudisko, Bibi! Eeh? Nikapiga kelele hadi bweni zima likatoka nje: sikudisko, sikudisko! Akauliza disko ya wapi, na nimeanza lini kwenda. Nikaeleza haraka zaidi. Akaanza kulia. Nikasingizia mtandao.

Jumapili, 15 Juni
Mjomba Simeoni kapiga simu. Bibi leo kasimama kanisani, kaomba waumini wamwombee mjukuu aliyepotelea disko. Kesho alfajiri anapanda basi na mzee wa kanisa kuja kunitoa chuoni, nikalime alizeti. Mjomba kajaribu kumwelewesha, hataki kusikia. Atamkuta Madamu! Nimefaulu na bado nafukuzwa, tena na bibi yangu mwenyewe!

Lakini nimetulia, nikafikiri kama mtaalamu wa wazee. Nimemwandikia Bibi meseji ndefu, maneno mia mbili, nikaeleza kila kitu tangu Jumatatu. Masaa matatu sasa, hajajibu. Wazee wengine wana kiburi!