Saruji kwa Seremala

Jumatatu, 4 Machi
Bado wodini. Wiki nzima chali, eti tungoje maumivu yapungue. Hayapungui. Kisa chenyewe aibu: niliteleza mlangoni pa bafu, nikakaa chini puu. Hata maji ya ndoo hayakumwagika! Daktari wa mifupa anasema nyonga imepasuka mbele na nyuma, mifupa ya uzeeni ni myepesi. Myepesi! Mimi, seremala niliyebeba milango begani! Anataka kunipasua anitie skrubu mbili ndefu. Nikiendelea kulala, anasema, damu itaganda, mapafu yatachafuka, huenda nisisimame tena. Mwanangu aliitikia kwa kichwa haraka mno. Juzi nilisikia anapima karakana yangu. Huyu anafuga kuku. Nisiposimama, kuku wanahamia humo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtega daktari. Nikamuuliza skrubu itashika vipi kwenye mbao iliyochoka. Akajibu bila kupepesa kwamba watazungushia saruji maalumu ya mifupa. Saruji! Kitanda cha pili yupo mwashi mstaafu, naye nyonga, naye anangoja kupasuliwa. Alicheka mpaka akaomba dawa ya maumivu. Akasema maseremala wamewadharau waashi miaka yote, leo mmoja wao anaomba zege. Sikuomba! Nashuku yeye na daktari ni ndugu. Masikio yao yanafanana.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango: daktari anikute nimesimama, mzima kama kigingi. Nikamwambia muuguzi sina maumivu. Uongo mtupu. Nikashuka. Maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Nikashika kitanda. Kumbe kina magurudumu! Kikaenda, nami nikaenda nacho, nikaishia nimemlalia mwashi kifuani. Hapo ndipo daktari akaingia. Mwashi akamwambia nimekuja kuazima saruji.

Jioni mke wangu alikuja. Hakunigombeza. Alinishika mkono akalia, akasema nyumba imekuwa kubwa, hawezi kuizoea. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nimekubali kupasuliwa. Kwa ajili yake, si kwa maneno ya daktari.

Jumamosi, 9 Machi
Jana walinipasua. Nilipania kubaki macho niwachunge mafundi wale. Nusu kaputi ikanizima kabla hawajafunga mlango. Matundu yenyewe madogo, hata kitasa hakipiti. Nashuku hawakuweka kitu. Leo mtaalamu wa mazoezi amenipa fremu ya kutembelea, akanisimamisha. Nimefika dirishani kwa miguu yangu! Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Mwashi, aliyepasuliwa kabla yangu, amefika mlangoni. Bila shaka alipewa saruji nyingi.

Jumatano, 20 Machi
Nyumbani! Karakana haina kuku. Ina mlango mpya, mpana. Mwanangu anasema alikuwa anapima ili fremu yangu ipite. Anasema hivyo. Nimechungulia nyuma ya mbao zote, huenda kuna jogoo.

Daktari ameagiza ninywe dawa ya mifupa, nisiinue kitu kizito, na fremu nisiichezee. Kwa nini aitaje fremu? Anaficha nini? Nimeikagua. Mguu mmoja umezidi kwa unywele. Kazi ya kiwandani hiyo! Mke wangu ameapa nikiigusa anarudi kwao. Nimemwitikia vizuri, nikamsifia na upishi wake. Kesho asubuhi anakwenda sokoni. Msumeno wa chuma nimeshautia mafuta.